Barua ya Safari: Chombo hiki ni cha nani?

Wale waliouliza juma lililopita kama tumezama, jibu ni hapana. Tulinyamaza kwa sababu baba watoto alivunjika vidole viwili, na katika chombo cha watu wawili yule anayebaki na mikono mizima ndiye anayepika, anayefua, anayefunga kamba na anayeandika barua. Leo tumepata nafasi ya kukaa.

Kwa wanachama wapya: chombo chetu ni mashua ya matanga ya mita 9, yenye mota ndogo, kitanda kimoja na jiko la mioto miwili. Baba watoto ni Mbelgiji aliyestaafu, na mwenzake ni mtoto wa mvuvi wa Kalundu, pale Uvira. Watoto wamekua, wana nyumba zao, ndiyo maana kila mwaka kipindi cha joto tunatangatanga hivi.

Tuko Camogli, mji mdogo wa Italia wenye watu wapatao 5,000, upande wa mashariki wa Genoa. Ukiuona kutoka baharini utacheka. Nyumba ni ndefu, ghorofa sita, saba, zimebanana ufukweni kama watu waliokimbilia kutazama mashua inayoingia. Zimepakwa rangi ya manjano, nyekundu, ya udongo. Na madirisha mengi si madirisha! Ni picha tu zilizochorwa ukutani, na mbao zake za kufungia, na kivuli chake. Siku ya kwanza tulilitazama dirisha moja asubuhi nzima tukingoja mwenye nyumba afungue. Watu wa hapa husimulia kwamba rangi hizo ni za kumsaidia mvuvi aitambue nyumba yake akiwa bado mbali. Hadithi ni nzuri, tumeipokea.

Hatukuwa na mpango wa kusimama hapa. Tulitoka Genoa asubuhi, nia yetu kuzunguka mlima wa Portofino na kulala ng'ambo yake. Karibu na saa tisa alasiri upepo ukageuka. Kamba ya tanga la mbele ilikuwa imezungushwa kwenye lile gurudumu la chuma la kukazia. Ikakimbia, ikamkamata vidole vya mkono wa kuume. Hakupiga kelele. Alikaa chini tu, uso mweupe kama unga wa muhogo, akasema: "Shusha tanga."

Tukashusha. Yaani mmoja alishusha na mwingine akashika mkono wake uliokuwa ukivuja damu.

Sasa tuwaambie jambo ambalo hatukuwahi kuliandika hapa, kwa aibu. Miaka 6 tunasafiri pamoja, na katika miaka hiyo kazi ziligawanyika zenyewe bila mtu kuzigawa. Yeye alikuwa usukani na mota kila tunapoingia bandarini. Mwenzake alikuwa kamba, chakula na kupunga mkono. Kuingia bandarini ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Katikati ya bahari hakuna cha kugonga, lakini bandarini kila unachogonga ni cha mtu. Na siku hiyo, mbele ya mji huo wa madirisha ya uongo, ilitubidi tuingie, na mtu wa kuingiza alikuwa amelala chini akiwa na taulo lenye damu.

Kitu kimoja tulikuwa tumekishinikiza tangu mwaka wa kwanza tujifunze sote wawili: redio. Chaneli 16 ndiyo ya kuita na ya hatari, mabaharia wote huisikiliza. Tukaita kwa Kifaransa kilichochanganyika na Kiitaliano cha sokoni. Bandari ya Camogli ni ndogo sana, imejaa mashua za wavuvi, nafasi ya mgeni ni ya kuhesabu. Lakini juu ya ukuta alisimama mzee mmoja mwenye buti za mpira, akapunga mikono yote miwili na kupiga kelele: piano, piano! Kwao ndiyo polepole. Tukaja polepole. Tuliukwaruza ukuta kidogo, alama bado ipo na hatutaipaka rangi. Mzee akashika kamba, kijana mwingine akaruka ndani, baba watoto akapelekwa hospitali katika mji wa jirani. Walimhudumia vizuri, wakamrudisha usiku na vidole vimefungwa, na amri ya kutoshika kamba.

Kesho yake asubuhi akaja mtu wa ofisi ya bandari, kijana mwenye adabu, na karatasi yake ya kujaza. Baba watoto alikuwa amelala kwa ajili ya dawa. Kijana akauliza: chombo hiki ni cha nani?

Ni chetu, tukajibu.

Akaomba hati. Tukaitoa katika mfuko wa plastiki. Akasoma, akageuza, akasoma tena. Jina lilikuwa moja. Akauliza taratibu kama mwenye jina hilo anaweza kuamka kidogo aje kutia sahihi.

Wamama, mchana wa jana yake tulikuwa tumekiokoa chombo hicho na mtu wake. Nusu ya fedha zilizokinunua zilitoka kwenye mishahara ya usiku ya kuosha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, miaka 11. Kijana hakukosa, alisoma kilichoandikwa. Lakini tulikwenda kumwamsha mwenye jina tukiwa na uchungu ambao hata yeye aliuona usoni.

Hatukugombana siku hiyo. Mgonjwa hagombezwi.

Katika ghorofa ya nne ya nyumba iliyo juu ya bandari anakaa mama mzee, mjane wa nahodha wa meli za mizigo. Anajua Kifaransa. Ndiye aliyetushushia mkate wao wa mafuta ya zeituni, bado una moto, siku tuliyofika. Tulipompelekea samaki wa kukaanga kwa pilipili yetu, alikula, akalia machozi, akaomba tena. Basi tukawa jamaa. Yeye ndiye aliyetuambia jina la mji linavyoelezwa na wenyeji: nyumba ya wake. Wataalamu wana maelezo mengine, sisi tumeshika hili, kwa sababu mambo ya mji yenyewe yanalishuhudia.

Katika karne ya 19 mji huu mdogo ulikuwa na mamia ya meli kubwa za matanga. Bado wanauita mji wa matanga meupe elfu moja. Meli hizo zilikwenda Odessa, katika Bahari Nyeusi, kuleta ngano; vita vya Crimea vilipopigwa, kati ya 1853 na 1856, zilibeba mizigo ya jeshi la Ufaransa na wenye meli wakatajirika. Wanaume waliondoka mwaka mzima, pengine miaka miwili, mitatu. Mji ukabaki na wazee, watoto na wake. Tumeingia katika makumbusho yao ya ubaharia, tukaona meli zilizochorwa moja baada ya nyingine hadi macho yakachoka. Huko juu, katika kanisa la Boschetto, kuna picha ndogo ndogo za shukrani: meli imelala ubavu, mawimbi kama milima, na kona ya juu mawingu yamefunguka. Ni za wale waliorudi. Ambao hawakurudi hawakuagiza picha.

Lakini swali letu lilikuwa lingine. Tulimwuliza mama mzee: mume yuko Odessa, paa limevuja, mtoto anaolewa, deni limeiva. Nani anatia sahihi?

Akacheka. Akasema ndilo swali la kila mke wa baharia tangu zamani, na jibu lake ni karatasi.

Sheria ya Italia ya mwaka 1865 ilimfunga mke mikono. Hakuweza kuuza nyumba au shamba, kuweka rehani, kukopa, wala kutoa mali yake bure, bila idhini ya mumewe. Lakini sheria hiyohiyo iliacha mlango mdogo: mume aliweza kwenda kwa notere, akaandika idhini ya jumla, na mke akafanya yote hayo peke yake. Katika mji ambamo wanaume hawapo, mlango huo mdogo ndio uliopitisha maisha yote. Mume kabla ya kupanda meli alipita kwa notere. Mke akabaki na funguo, watoto na ile karatasi.

Tusiwasifu kupita kiasi. Karatasi hiyo mume aliweza kuiondoa siku yoyote aliyotaka. Ni mamlaka ya kuazima, kama nguo ya harusi. Italia iliifuta idhini ya mume mwaka 1919 tu.

Na sisi tunaosoma haya tusiwacheke. Kwetu Kongo, Sheria ya Familia ya 1987 ilimtaka mke aliyeolewa apate idhini ya mumewe kabla ya kujifunga kisheria katika jambo kubwa. Ni sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliyoiondoa amri hiyo, na kuwataka mume na mke wapatane. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi tangu siku hiyo, kisha mkumbuke ni meza ngapi ambako bado wanamwambia mama: njoo na barua ya bwana.

Jambo la pili mama mzee alilotueleza tuliliandika kwenye daftari, kwa ajili ya vyama vyenu. Meli moja haikuwa ya mtu mmoja. Iligawanywa katika sehemu 24, wao wanaziita carati. Huyu ana 6, binamu yake 4, yule 2, mwingine 1. Faida iligawanywa kwa sehemu, hasara vilevile. Mtu mwenye akili hakuweka fedha zake zote katika meli moja. Alinunua 2 katika hii, 1 katika ile, ili moja ikizama asizame nayo. Na mjane aliyerithi sehemu aliendelea kuwa mwenye meli, hata kama hakuwahi kukanyaga sitaha. Halafu mwaka 1853 wenye meli wa Camogli wakaanzisha bima ya kusaidiana. Kila mmoja anachanga, na meli ya mmoja ikipotea, wote wanalipa. Hawakungoja matajiri wa Genoa wawakatie bei. Ninyi wa AVEC mmeshaelewa bila maelezo: ni vile vitabu vyenu vya sehemu, na ule mfuko wa msaada unaotoka mtu akifiwa, ila wao waliweka meli mahali pa mbuzi na mashine ya kushona.

Usiku wa siku ya nne ikaja libeccio. Ndiyo pepo ya kusini-magharibi, na Camogli inaitazama uso kwa uso. Wavuvi walituonya tangu mchana. Tukaongeza kamba, zikawa saba, na mipira yote ubavuni. Kazi yote hiyo mikono miwili tu, baba watoto amesimama na kidole chake kilichofungwa akielekeza fundo hili, fundo lile, hadi akaambiwa anyamaze. Akanyamaza. Mawimbi yalipiga ukuta wa bandari, maji yakaruka juu na kutuangukia kama ndoo. Tulilala na nguo, yaani hatukulala.

Bahari ya hapa haina mchezo. Mwezi Februari 2021 sehemu ya makaburi ya mji, yaliyo juu ya jabali, iliporomoka, na majeneza yapatayo 200 yakaanguka majini. Mama mzee alikuwa na watu wake mle. Alitusimulia kwa sauti ndogo, tukakumbuka maji yaliyoipiga Uvira mwezi Aprili 2020, tukanyamaza sote.

Ni usiku huo wa upepo ambapo baba watoto mwenyewe alianza. Alisema: ungekuwa ni moyo badala ya vidole, ungefanya nini na hati ile?

Basi akasimuliwa tena hadithi ambayo amewahi kuisikia, lakini safari hii akiwa macho. Mvuvi mmoja wa Kalundu alitoka jioni na mtumbwi, nyavu na taa kufuata ndagala, hakurudi. Mke wake ndiye aliyeuza ndagala miaka 15, akaziweka akiba, zikanunua nyavu mpya na taa mbili. Lugha yetu inaita nguo ya chombo tanga, na kilio cha msiba tunakiita matanga. Matanga ya mvuvi huyo yalipoondolewa, ndugu zake waliondoa pia mtumbwi, nyavu na taa. Mama hakuwa na karatasi hata moja. Watoto wake watano walirudi kula mara moja kwa siku, na mmoja wao yuko hapa, amevaa koti la mvua, anashika kamba ya saba.

Hakujibu. Upepo ulijibu badala yake hadi alfajiri.

Asubuhi bahari ilikuwa bado inanguruma, lakini jua limetoka. Alikwenda kwa mguu, mkono shingoni, akanunua vile vitumbua vyao vyenye krimu ya romu, akavikwaa na chokoleti mdomoni kama mtoto, akarudi na daftari la shule. Akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa kubwa: 12 na 12. Chombo sehemu 24, kumi na mbili kwa kumi na mbili. Hiyo si hati, tunajua. Ndiyo maana alipiga simu kwao siku hiyohiyo, akauliza ni fomu gani zinahitajika kuongeza jina la pili, na pia jina la pili kwenye bima. Fomu zimekuja kwa intaneti. Tumezijaza mezani kwa mama mzee, yeye akitazama kama msimamizi wa mtihani.

Na nyumba? Tukauliza hilo pia, kwa kuwa mlango ukifunguka mtu huingia. Nyumba ya Ubelgiji aliinunua kabla hatujaoana, na kuna watoto wake wa kwanza. Hapo alikaa kimya muda mrefu, na kimya chake hakikuwa kibaya. Alisema lazima azungumze nao kwanza, ana kwa ana, Krismasi. Ni haki. Hatutawadanganya kwamba imekwisha. Nyumba bado tunaizungumza.

Kwa siku zilizobaki tulikuwa watalii kama watu wengine. Tulilitazama lile karai lao kubwa la kukaangia, lenye upana unaozidi mita 3, limetundikwa ukutani. Hulitumia mwezi wa tano, Jumapili ya pili, kukaanga samaki na kuwagawia watu ufukweni, desturi iliyoanza 1952. Tulisikitika kulikosa. Tulikwenda pia na wavuvi hadi karibu na Punta Chiappa kuona nyavu yao ya zamani, tonnarella, inayotegwa mahali pamoja kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa. Wanaivuta kwa mikono mara tatu kwa siku. Inafumwa kwa nyuzi za nazi, na msimu ukiisha sehemu kubwa huachwa ioze majini bila madhara. Mtoto wa Kalundu alivuta nao. Walishangaa anajua wapi pa kushika.

Mama mzee anasema mji bado una shule ya ubaharia, na wanawake wa hapa bado wanaolewa na watu wasiokuwapo. Sasa kuna simu, anasema, lakini simu haitii sahihi. Katika ndoa yake ya miaka 41, alipiga hesabu, walikaa pamoja chini ya 15. Mume alipostaafu akarudi nyumbani kabisa, wiki ya kwanza alianza kumwelekeza mahali pa kuweka sufuria. Alimwambia: nahodha, hapa umepanda kama abiria.

Baba watoto alicheka mpaka vidole vikamuuma.

Tuliwauliza madaktari, wamesema majuma matatu zaidi bila kamba. Tungeweza kungoja, lakini nafasi ya bandari ni ya wavuvi na tumeikalia vya kutosha. Kwa hiyo kila asubuhi, mota ikiwa pole, tulitoka na kuingia, kutoka na kuingia, mbele ya wazee waliokaa ukutani kama waamuzi wa mpira. Mara ya kwanza tuligonga boya. Mara ya tatu tulikosea upande wa upepo, ikabidi tuzunguke upya. Kufika mara ya tisa hakuna aliyepiga kelele tena piano, na yule mzee wa buti alikuwa ameanza kusoma gazeti.

Kesho saa kumi na moja na nusu ya alfajiri tunaondoka, kuzunguka mlima wa Portofino na kwenda Lerici kwa vipande viwili. Mtu wa ofisi ya bandari amepita jioni kufunga karatasi yake. Aliuliza tena nani ataondoa chombo. Tukamwonyesha. Akaandika jina, akaomba tulitaje herufi kwa herufi, kwa sababu la Uvira ni refu.

Walioandika kuhusu ile pilipili ya kuhifadhi kwenye mafuta, maelezo yake yatakuja juma lijalo kutoka Lerici, upepo ukikubali. Na Mama Mhasibu wa kikundi cha Mulongwe, tumepata ujumbe wako juu ya parseli ya kikundi iliyoandikwa jina la bwana wa mwenyekiti. Usingoje barua yetu. Nenda Jumatatu, na wote ishirini na wawili.